Enanga si Tambiko

Wako watu Bukoba wasemao kwamba enanga, ile ala ya nyuzi ya Wahaya, ni masalio ya ushirikina, kwa kuwa masimulizi yake humtaja Mugasha, mwenye enzi ya ziwa na tufani katika dini ya jadi. Hoja hiyo ni dhaifu. Habibu Selemani, manju aliyefariki mwaka 1993, alikuwa na jina la Kiislamu, wala jina hilo halikumzuia kuwa bingwa wa enanga. Kusimulia si kuabudu, na kusikiliza si kutambika. Muziki mwingi wa Bach ulitungwa kwa ajili ya ibada ya Kilutheri. Mkatoliki huusikiliza asibadili dhehebu. Mbona mizani ya Mhaya iwe nyingine?

Kweli, enanga haikukaa mbali na imani za kale. Lakini kuinyamazisha kwa sababu hiyo ni kuchoma nyumba ili kumfukuza panya. Profesa M. M. Mulokozi aliyahifadhi masimulizi hayo kwa maandishi, nayo ni kazi kubwa. Hata hivyo, karatasi haina nyuzi. Kijana wa Rwamishenye asipofundishwa kupiga, sauti ya kwao ataisoma tu maktabani, hataisikia.