Neno "Inapitika" Lipewe Kipimo: Barua ya Wazi kuhusu Barabara na Mitaa ya Idodi

Kwa: Meneja wa Mkoa, Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS), Iringa, na Meneja wa Mkoa, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), Iringa.

YAH: MAGARI YA PORINI KATIKA MITAA NA VIVUKO VILIVYOJAA MAJI, TARAFA YA IDODI

Barua hii inaelekezwa kwa taasisi mbili zenye dhamana ya barabara mkoani Iringa, moja iliyoanza kazi mwaka 2000 na kukabidhiwa barabara kuu na za mikoa, nyingine iliyoanzishwa mwaka 2017 kwa ajili ya barabara za wilaya, vijiji na mitaa. Hoja yake ni moja: neno "inapitika", ambalo kila msimu wa mvua hutolewa kama jibu kwa anayeulizia njia ya kwenda Idodi, halina kipimo, na kwa kuwa halina kipimo limeachiwa kuamuliwa na gari lenye nguvu kuliko yote yaliyovuka siku hiyo. Gari hilo kwa kawaida ni gari la porini, istilahi ambayo hapa itamaanisha gari ambalo injini yake inaweza kusukuma magurudumu yote manne kwa pamoja, lililonyanyuliwa juu kuliko gari la kawaida, na lenye gia nzito za kutembelea matope na mawe, kama yalivyo Land Cruiser na Land Rover yanayofahamika kotekote katika tarafa hiyo.

Ili hoja ieleweke, ni lazima kwanza ieleweke tabia ya maji ya Idodi. Tarafa hiyo imelala chini ya ukingo wa Nyanda za Juu Kusini, mahali ambapo ardhi hushuka kutoka upande wa Iringa mjini, ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,600, na kuingia katika bonde kame la Ruaha Mkuu. Hunyeshewa mvua za msimu, jina ambalo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hulitumia kwa mvua za mkupuo mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili, tofauti na vuli na masika ya ukanda wa pwani na kaskazini. Mvua ya bondeni yenyewe ni haba, na ndiyo maana wakulima wa mpunga wa huko hutegemea mifereji inayokinga maji ya mito inayoshuka kutoka vilimani, lakini mito hiyohiyo inayonywesha majaruba ndiyo inayoweza kujaa saa chache baada ya mvua kubwa kunyesha huko juu, hata kama Idodi kwenyewe anga ni jeupe na vumbi halijatulia. Dereva anayeliangalia wingu lililo juu ya kichwa chake kabla ya kuingia mtoni, kwa hiyo, anaangalia mahali pasipohusika.

Mkanganyiko huo wa kinachoonekana na kilichopo umo hata ndani ya jina la mto mkubwa wa eneo hilo. Ruaha, kwa maelezo yanayotolewa mara nyingi, limetokana na neno la Kihehe lenye maana ya mto, hivyo anayesema "Mto Ruaha" amesema "mto mto". Na bado mto huo uliotajwa mara mbili umekuwa ukikauka kwa wiki kadhaa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha karibu kila kiangazi tangu mwaka 1993, kwa sababu ya matumizi ya maji katika sehemu zake za juu. Mahali ambapo mwezi Oktoba mchanga mkavu hupitiwa kwa ndala, mwezi Februari panaweza kulichukua gari zima. Mgeni aliyeiona njia wakati wa kiangazi huamini kwamba anaifahamu.

Wageni wenyewe ni sehemu ya tatizo kwa namna isiyo ya moja kwa moja. Hifadhi ya Taifa ya Ruaha ilitangazwa mwaka 1964, na baada ya pori la akiba la Usangu kuunganishwa nayo mwaka 2008 ilifikia kilomita za mraba zipatazo 20,226, ikawa miongoni mwa hifadhi kubwa kuliko zote nchini. Barabara ya kutoka Iringa kwenda Msembe, makao makuu ya hifadhi hiyo, hugawanyika njiani kabla ya kukutana tena karibu na lango, na tawi la kushoto ndilo linalopita vijijini, likiwemo eneo la Idodi na Tungamalenga. Watalii wengi huja kiangazi, wakati wanyama wamejikusanya kwenye madimbwi yaliyobaki, kwa hiyo taswira ya barabara hiyo inayosafiri duniani ni ya njia kavu, nyekundu, inayopitwa na magari yaliyoundwa kwa ajili yake. Wanaobaki nayo kuanzia Desemba ni mjamzito anayekwenda kituo cha afya, mwalimu aliyepangiwa kituo, gunia la mpunga juu ya Fuso, mwendesha bodaboda aliyebeba abiria wawili, na mwanafunzi anayevuka kwa miguu akiwa ameshika viatu mkononi.

Je, gari la porini linaweza nini hasa? Watengenezaji hutaja kina cha kuvuka maji, yaani kimo cha juu kabisa cha maji ambacho gari linaweza kupita bila madhara. Kwa Land Rover Defender za zamani kilikuwa sentimeta 50, na kwa baadhi ya magari ya Toyota ya aina hiyo ni sentimeta 70. Kimo hicho hutegemea zaidi mahali injini inapovutia hewa. Injini ikimeza maji badala ya hewa, pistoni hupanda kuyakandamiza maji hayo, na kwa kuwa maji hayakandamiziki kama hewa, konrodi, yaani mkono wa chuma unaoiunganisha pistoni na mhimili wa injini, hupinda au kukatika papo hapo. Ndiyo sababu magari mengi ya safari hufungwa bomba la kuvutia hewa linalopanda ubavuni mwa kioo hadi usawa wa paa, na bomba hilo, ambalo kazi yake ni moja tu ya kuiokoa injini, limegeuka kuwa aina ya hirizi: dereva huliona na kujiona ameruhusiwa kuingia popote. Haliilindi difu ambayo matundu yake ya kupumulia yamezama na kunyonya maji yanayoharibu oili, wala haliizuii feni inayopiga maji isigeukie rejeta. Zaidi ya yote, halina uhusiano wowote na swali la kama gari litabaki limesimama ardhini.

Swali hilo ni la hesabu nyepesi. Bodi ya gari lenye upana wa mita 1.8 na urefu wa mita 4.5 ina eneo la mita za mraba 8.1, kwa hiyo kila sentimeta 10 za maji zinazopanda juu ya sakafu yake, kabla maji hayajapenya ndani kupitia milango, hulinyanyua kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 800. Gari la tani 2.4 likifikiwa na sentimeta 30 za namna hiyo limebakiwa na uzito unaokaribia sifuri, na matairi yake, hata yangekuwa mapya na yenye meno makubwa kiasi gani, hayana kitu cha kukandamiza. Wakati huohuo mkondo unalisukuma ubavuni: maji yanayokwenda mita 2 kwa sekunde, ambao ni mwendo wa mtu anayekimbia taratibu, yakiugonga ubavu uliozama kwa sentimeta 40 hulisukuma kwa nguvu ya zaidi ya kilo 360, na mwendo wa maji ukiongezeka maradufu nguvu hiyo huongezeka mara nne. Kina kinachotajwa na mtengenezaji ni cha maji yaliyotulia juu ya sakafu ngumu. Mto ulioshuka kutoka mlimani ukiwa na magogo na matope haumo katika kitabu cha gari.

Uzito peke yake hauokoi. Tarehe 4 Desemba 2021, katika Mto Enziu karibu na Mwingi, kaunti ya Kitui nchini Kenya, basi lililokuwa limebeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini liliingia kwenye daraja lililofunikwa na maji na kuzama mbele ya watu waliokuwa wamesimama ukingoni, na watu zaidi ya 30 wakafa. Tarehe 12 Aprili 2024 gari la wanafunzi lilisombwa na maji jijini Arusha na watoto kadhaa wakapoteza maisha, na kabla ya mwezi huo kwisha Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliarifu Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamekufa nchini kutokana na mvua zilizohusishwa na El Niño na madhara yake. Basi la Mwingi na gari la Arusha hayakuwa magari ya porini; lakini kosa ni lilelile, la kudhani kwamba kwa kuwa njia inajulikana, basi chini ya maji bado ipo.

Hadi hapa imezungumziwa hatari ya aliyemo ndani ya gari. Aliye nje hutajwa mara chache, ingawa madhara yake ni ya kila msimu. Gari la porini linapopita kwa kasi katika mtaa uliojaa maji hadi magotini, husukuma mbele yake wimbi, na wimbi hilo, ambalo dereva hulihitaji kwa sababu hushusha kidogo maji yanayoizunguka injini, huishia katika kuta za nyumba za pande zote mbili. Nyumba ya tofali za kuchoma huvumilia. Nyumba ya tofali mbichi iliyokwisha kunywa maji tangu alfajiri haihitaji mawimbi mengi: udongo wa chini ya ukuta humung'unyuka, kona huanza kuachia, na inapoanguka usiku, wakati gari limeshafika Iringa, lawama hupewa mvua. Maji hayo si ya mvua tupu, kwa kuwa yamepita kwenye vyoo vya shimo, na wimbi huyavusha kizingiti hadi kwenye jiko na mtungi. Kando ya kijiji, dereva anayekikwepa kipande kibovu hupitisha magurudumu juu ya tuta la jaruba, likabomoka na kumwaga maji yaliyokingwa kwa juma zima. Na nyayo za magurudumu hayo, zikirudiwa na magari matano, huwa mfereji mpya ambao msimu unaofuata utakuwa korongo. Sheria ya Usalama Barabarani inaweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, lakini katika mtaa uliojaa maji hata 20 ni nyingi, na mwendo unaofaa ni ule wa mtu anayetembea.

Lipo pia dhara la mfano. Gari refu likishavuka, upande wa pili huonekana karibu. Mwenye bodaboda, ambaye maji ya sentimeta 30 humfikia kwenye injini, na mtembea kwa miguu, ambaye maji yaendayo kasi yanaweza kumwangusha kabla hayajafika gotini, hupewa ushahidi wa uongo kwamba njia imefunguka. Mara nyingine mpangilio hugeuzwa, na kijana wa hapo kijijini hutangulizwa majini kwa malipo madogo ili dereva aone maji yanamfika wapi mwilini, jambo ambalo limezoeleka katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki kiasi kwamba hakuna anayeliona kuwa la ajabu: gari la mamilioni ya shilingi hupimiwa kina kwa mwili wa mtu, katika bonde ambalo mto wake mkubwa una mamba na viboko.

Badala ya mwili wa kijana inaombwa nguzo. Kwenye kila drifti, yaani kivuko cha zege kinachojengwa usawa wa kitanda cha mto ili maji yapite juu yake, na kila kalavati linalojulikana kufurika katika tarafa ya Idodi, pasimamishwe nguzo za zege pande zote mbili, zenye alama za kila sentimeta 10 kuanzia sakafu ya kivuko, na rangi nyekundu ianzie pale ambapo mtembea kwa miguu hapaswi kuingia, wala si pale ambapo Land Cruiser hushindwa. Nchini Australia, ambako vivuko vya namna hiyo ni vingi, nguzo za vipimo ni kitu cha kawaida barabarani. Nguzo nyingine fupi zipangwe kando ya kivuko ili ukingo wake uonekane maji yakiwa na matope, kwa sababu gari linaweza kupotea kwa gurudumu moja kutoka nje ya zege ambalo dereva hakuliona.

Nguzo bila mtu wa kufunga njia ni mapambo. Pale Jangwani, Dar es Salaam, Barabara ya Morogoro imefungwa mara kwa mara Mto Msimbazi ulipofurika, na pamoja na manung'uniko yote ya wasafiri, yupo askari mwenye mamlaka ya kusema hapana. Idodi iko mbali na askari huyo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inazitambua kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji, na inapendekezwa kwamba taasisi hizi mbili zikubaliane kwa maandishi na kamati hizo ili mtendaji wa kijiji akabidhiwe mnyororo na kibao cha kufunga kivuko maji yanapofika kwenye nyekundu, kufunga huko kukiyahusu magari yote, ya serikali na ya watalii yakiwemo. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, yenye makao yake hapohapo Iringa na vituo vya kupimia mito, ipo karibu kuliko taasisi nyingine yoyote kuweza kutoa taarifa kwamba huko juu maji yamepanda.

Taarifa za hali ya barabara nazo zitenganishe madaraja ya watumiaji: inapitika kwa miguu, kwa pikipiki, kwa gari dogo, kwa lori, kwa gari la porini pekee. Tangazo la "gari la porini pekee" lisomwe kama lilivyo, yaani kwamba barabara imefungwa kwa karibu kila mkazi wa Idodi. Mipango ya kuijenga kwa lami njia ya hifadhini imezungumzwa kwa muda mrefu, na hapana shaka lami itakuwa neema, lakini lami inayopita juu ya kivuko kisichopandishwa huongeza kasi ya magari yanayoyafikia maji. Nguzo hazihitaji kuisubiri. Zinaweza kusimamishwa kati ya Agosti na Oktoba, wakati vitanda vya mito ni vikavu na mafundi wanaweza kuchimba wakiwa wamevaa ndala.

Nakala:
Mkuu wa Wilaya ya Iringa
Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, Iringa
Watendaji wa vijiji, Tarafa ya Idodi