MAMA ASILAUMIWE, DAMU IPIMWE

Mara nyingi twasikia habari za mwanamke aliyepoteza mimba ya tatu au ya nne. Mawifi hunong'ona kwamba amerogwa, mama mkwe humshauri mwanawe aoe mwingine, na majirani husema kwamba huyo aliuchezea ujana wake. Wahenga walisema, lisemwalo lipo. Sisi twasema kwamba katika jambo hili mara nyingi lisemwalo halipo, na lililopo halisemwi.

Miongoni mwa yaliyopo ni ugonjwa uitwao sindromu ya antifosfolipidi, ambao Daktari Graham Hughes na wenzake waliueleza huko London mwaka 1983. Kinga ya mwili, iliyo askari wetu dhidi ya maradhi, humgeukia mwenyewe, na damu huganda ndani ya mishipa pasipo jeraha. Bonge likiziba mshipa wa mguu, mguu huvimba. Likifika mapafuni, pumzi hukatika. Likiziba ubongoni, hata kijana hupatwa na kiharusi. Kwa mja mzito, kondo la nyuma hudhurika na mtoto hufa tumboni. Wala si ugonjwa wa wanawake peke yao. Wanaume nao huupata.

Tena iko dhuluma nyingine. Baadhi ya vipimo vya kaswende hutumia kadiolipini, mafuta ambayo kinga hiyo hiyo huyashambulia. Kwa hiyo mtu ambaye hajapata kuugua kaswende aweza kuambiwa kwamba anayo, na ndoa ikavunjika kwa karatasi moja! Haki yadai kipimo cha pili, kinachohusu vijidudu vya kaswende vyenyewe.

Basi njia ni ipi? Mwanamke aliyepoteza mimba tatu mfululizo, au hata moja iliyotimiza wiki 10, na kijana ambaye damu yake imeganda bila sababu iliyo wazi, wamwulize daktari habari za kipimo cha ugonjwa huu. Kikiuonyesha, kirudiwe baada ya wiki 12 au zaidi, kwa kuwa maradhi ya kupita nayo yaweza kuigeuza damu kwa muda.

Atakayethibitika asikate tamaa. Mja mzito hupewa aspirini kidogo pamoja na sindano za heparini, na wengi hupakata watoto walio hai. Ambaye damu yake imekwisha kuganda mishipani hupewa warfarini, kwa kawaida maisha yake yote, na hupimwa mara kwa mara ili kipimo kiitwacho INR kikae baina ya 2 na 3. Kikishuka, damu yaweza kuganda. Kikipanda mno, yaweza kumtoka. Mchicha na kisamvu ale kwa kiasi kile kile siku zote. Naye mwanamke atakaye mimba aseme mapema, kwani warfarini yaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Hatuna budi kusema waziwazi. Mume mwungwana hufuatana na mkewe hospitalini, hamwachi aende peke yake kama mshitakiwa. Msimamizi wa kazi ampe mfanyakazi ruhusa ya siku ya kupimwa bila kumkata mshahara. Na wenye mamlaka juu ya hospitali wakifikishe kipimo hiki hata mbali na miji mikubwa. Aspirini ni rahisi kununua, lakini haimfai mama ambaye ugonjwa wake haujajulikana.