Saumu Dhidi ya Bomba la Mafuta

Yapo mambo ambayo mwananchi wa Meru huyaona kuwa ya mbali mpaka yamfikie mlangoni. Bomba la mafuta ghafi linalokusudiwa kutoka Lokichar, Turkana, hadi bandari ya Lamu ni mojawapo. Urefu wake ni zaidi ya kilomita 800, na njia iliyochorwa inapita Turkana, Samburu, Isiolo, Meru, Garissa na Lamu. Mafuta hayo yaligunduliwa mwaka 2012, na mwaka 2025 kampuni ya Tullow iliiuzia Gulf Energy haki zake. Bomba lenyewe halijajengwa. Kwa hiyo atakaye kulipinga angali na wasaa.

Alipinge vipi? Hilo ndilo swali ninalowaelekezea walimu na wanafunzi. Mwezi Juni 2018 wananchi wa Turkana waliyazuia malori ya mafuta barabarani wakidai usalama na mgao wa haki. Mwezi Oktoba 2022 wanafunzi tisa walikamatwa Kampala kwa kuandamana dhidi ya bomba la kutoka Hoima hadi Tanga. Mwezi Juni 2024 vijana wetu walioupinga Mswada wa Fedha walipigwa risasi Nairobi. Mzazi ayajuaye haya halaumiwi akitafuta njia nyingine, na mojawapo ni jamii kufunga kula kwa pamoja, hadharani na kwa amani.

Wapo wanaoicheka njia hiyo. Husema: kampuni haina tumbo, itajali nini tukishinda na njaa? Hoja hii ina uzito, lakini inaisahau historia yetu. Tarehe 28 Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa, wakiwa pamoja na Profesa Wangari Maathai, walianza kufunga kula katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa virungu na mabomu ya machozi. Mama hao walihamia kanisa kuu la All Saints, wakaendelea na madai yao kwa karibu mwaka mzima. Kufikia mapema 1993 wafungwa karibu wote walikuwa huru. Kilichoilemea serikali ni macho ya watu walioiona njaa ile.

Tena saumu humjenga anayefunga. Gandhi alipofunga Ahmedabad mwaka 1918, alikusudia kwanza kuwatia nguvu wafanyakazi wa viwanda waliokuwa wameanza kulegea katika mgomo wao. Kwetu Meru na Embu, Kwaresima na Ramadhani zimekwisha kutufunza nidhamu hiyo.

Huenda mtu wa Embu akauliza: bomba halipiti kwetu, linatuhusu nini? Na awaulize wazee wa Mbeere waliohama ili kulipisha bwawa la Kiambere, lililokamilika mwaka 1988. Hao wanajua maana ya kutoa ardhi kwa ajili ya nishati ya taifa. Tena moshi wa mafuta hauna mpaka, na mkulima anayetegemea mvua ya Mlima Kenya hawezi kujitenga nao.

Hata hivyo, sharti tuwe waangalifu. Wahenga walisema, aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Tangu mwishoni mwa 2020 hadi mapema 2023 mvua zilikosekana msimu baada ya msimu, na watu wa Mbeere na Tharaka walilala njaa bila kuichagua. Saumu isiyowakumbuka hao itakuwa mchezo wa walioshiba. Chakula ambacho hakikuliwa siku hiyo na kipelekwe kwao. Wala mwalimu asimshurutishe mwanafunzi kufunga, kwani saumu ya kulazimishwa haina tofauti na adhabu.

Mwisho, saumu isichukue nafasi ya sheria. Tarehe 26 Juni 2019, Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Walioshinda kesi hiyo walikuwa wamesoma nyaraka na kuuliza maswali. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kifungu cha 37 kinamruhusu kuandamana kwa amani na kuwasilisha malalamiko. Basi atakayefunga na afunge akiwa na ripoti ya athari za mazingira mkononi, aijue njia ya bomba, na madai yake yawe yameandikwa. Njaa isiyo na dai linaloeleweka haitamshtua yeyote.