Baharini, mke si abiria

Mume na mke wanaovuka bahari kwa boti ya matanga huonana mara chache kuliko wakiwa nyumbani. Mmoja akiwa zamu, mwenzake amelala. Baada ya saa tatu au nne wanabadilishana, usiku na mchana, mpaka nchi ionekane. Kutoka Mahé, Shelisheli, hadi Mombasa ni maili za baharini zipatazo 950. Boti ndogo iendayo maili 5 kwa saa itachukua siku nane hivi, na katika siku hizo kila mmoja atakuwa peke yake usukanini karibu nusu ya muda wote. Kwa sababu hiyo naona mazoea ya wapenda matanga wengi, kwamba mume ni nahodha na mke ni mpishi anayeitwa juu kushika kamba, yanahatarisha maisha ya wote wawili. Anayebaki macho wakati mwenzake anakoroma ndiye nahodha kwa saa hizo, apende asipende, na ujuzi wake unapaswa kulingana na kazi hiyo.

Kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia vyombo visigongane zinataka kila chombo kiwe na mtu wa kuangalia na kusikiliza wakati wote. Hazitoi msamaha kwa boti ya watu wawili waliochoka. Taa ya mlingoti ya meli kubwa inatakiwa ionekane kutoka umbali wa maili 6. Meli ikija kwa maili 20 kwa saa, na boti ikiielekea kwa maili 5, umbali huo unakwisha kwa dakika 14 hivi. Ndani ya dakika hizo aliye zamu aione taa, ajue meli inaelekea wapi, aamue apishe upande gani, kisha ageuze chombo au aite kwa redio. Mke aliyeambiwa tu kwamba akiona taa amwamshe mumewe anamkabidhi uamuzi huo mtu aliyetoka usingizini, ambaye macho yake hayajazoea giza, na dakika zimeshapotea. Mume mwenyewe, kwa kuwa haiamini zamu ya mkewe, hakuwa amelala sawasawa. Ikifika siku ya nne anasahau mambo aliyoyajua tangu ujana, na huo uchovu unatisha kuliko wimbi lolote.

Halafu kuna lile ambalo wachumba hawapendi kulizungumza: mmoja anaweza kubaki peke yake. Mwaka 1983 Tami Oldham, Mmarekani, na mchumba wake Mwingereza, Richard Sharp, waliondoka Tahiti wakiipeleka San Diego boti ya futi 44 iitwayo Hazana. Mwezi Oktoba kimbunga Raymond kiliwakuta katikati ya Pasifiki na kuipindua boti. Tami alipozinduka Richard hakuwapo, milingoti imevunjika, na injini na redio vimekufa. Alisimamisha tanga dogo kwa mabaki aliyoyapata, akapima jua kwa sekstanti, akakadiria mkondo, na baada ya siku 41 aliingia Hilo, Hawaii, umbali wa maili 1,500 hivi. Ujasiri alikuwa nao, bila shaka, lakini ujasiri hausomi sekstanti. Aliokoka kwa sababu alikuwa baharia kabla ya kimbunga.

Wahenga walisema nahodha wengi, chombo huenda mrama, na pingamizi hilo lina uzito. Katika dhoruba hapana nafasi ya kupigiana kura. Lakini methali hiyo inakataza amri mbili, haikatazi ujuzi wa watu wawili. Kwenye jahazi nahodha ni mmoja, ila serahangi aliye chini yake anajua kushika usukani, kusoma upepo na kukiingiza chombo bandarini. Nahodha akishikwa na homa kati ya Lamu na Maskati, safari haikomi. Jahazi linaweza kumbeba hata mpishi asiyejua kingine zaidi ya sufuria, kwa kuwa mabaharia wengine wapo. Boti ya watu wawili haina akiba hiyo. Wakubaliane mapema nani ana neno la mwisho mambo yakiharibika. Hilo halimzuii mwenzake kujua kupunguza tanga.

Wengine watasema mitambo imemaliza tatizo. Usukani wa kujiendesha haulali, na AIS, mtambo unaopokea kwa redio utambulisho wa meli nyingine, huonyesha meli kabla jicho halijaiona. Ni kweli, lakini meli zinazolazimishwa kuwa na AIS katika safari za kimataifa ni zile za kuanzia tani 300 na zile za abiria. Ngalawa ya mvuvi katika mkondo wa Pemba, yenye kurunzi au hata isiyo na taa, haimo kwenye kioo cha AIS. Kuhusu hoja kwamba mwanamke hana nguvu za mwili za kutosha sina mengi ya kusema: Lin Pardey, mwanamke mwenye umbo dogo, alizunguka bahari za dunia kwa miongo kadhaa pamoja na mumewe Larry katika boti zisizo na injini kabisa.

Nakiri kwamba ujuzi unaoitwa wa kike nao unadharauliwa bure. Machi 1973 nyangumi aliitoboa Auralyn, boti ya Waingereza Maurice na Maralyn Bailey, nao wakaelea Pasifiki kwa siku 117 katika chelezo cha mpira na kimtumbwi cha kujaza upepo. Maralyn hakujua hata kuogelea. Lakini alipima chakula, alitengeneza ndoana kwa pini, na alimshikilia mumewe aliyekuwa amekata tamaa, hadi meli ya uvuvi ya Korea ilipowaokoa. Kwa hiyo mume naye ajue maji yamebaki lita ngapi na unga uko kabati gani.

Kwamba hii ni michezo ya wageni wenye fedha si sababu ya kunyamaza. Boti hizi zinatia nanga Kilifi, Tanga na Unguja, na zikipotea, wanaoitwa ni kituo cha uokoaji cha Mombasa na wavuvi walio karibu. Kipimo changu si kigumu: kabla ya kuondoka, yule mwenye uzoefu mdogo aing'oe nanga, atoke nje ya mwamba, abishe, apunguze tanga, arudishe boya lililotupwa majini na atie nanga tena, huku mwenzake ameketi bila kusema neno. Akishindwa, safari isubiri afunzwe, na heri na mwalimu asiyelala naye chumba kimoja. Wasioweza kusubiri watafute baharia wa tatu. Tanga na Kilifi hawakosekani.