Kamusi Elezo Isiyohitaji Intaneti: Tusiifungie Kabatini



Ndugu wazazi na wanafunzi wetu wapenzi, baada ya kumshukuru Allah (S.W.) na kumtakia rehma na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), tunapenda kulizungumza jambo ambalo limeleta maneno mengi hapa madrasa.

Mzazi mmoja alitufuata baada ya sala ya Alasiri, mkononi ana karatasi ya mtihani wa shule wa mwanawe. Kijana aliulizwa Tanzania ina mikoa mingapi. Akaandika 30, akakosa. Nyumbani alipobanwa alisema kaisoma madrasa. "Ustaadh," mzee akatuambia, "kidude chenu kimempoteza mwanangu. Kiondoeni."

Kidude chenyewe ni kile kifaa cha kusomea vitabu tulichopewa na mhisani. Ndani yake tulitia programu iitwayo Kiwix pamoja na nakala ya Wikipedia ya Kiswahili. Kiwix, iliyoanza mwaka 2007, huwezesha kamusi elezo nzima kubanwa katika faili moja na kusomwa pasipo intaneti. Ya Kiingereza pamoja na picha zake hufika karibu GB 100. Yetu ya Kiswahili ni ndogo, inaenea kwenye kadi ya simu.

Tulipokifungua mbele ya mzee tuliona jina la faili linaishia na mwaka 2015. Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016, ndipo mikoa ikawa 31: 26 ya Bara na 5 ya Zanzibar. Nakala ile ilikuwa sahihi siku ilipotengenezwa. Sisi walimu ndio tuliyoinakili kutoka kadi ya zamani bila kuangalia tarehe, na mzee tulimwomba radhi palepale.

Lakini kuhusu kukiondoa, hapo hatukuafikiana naye, na mpaka leo hatujaafikiana.

Wazazi wengi mmetuomba tuwaepushe watoto na simu, na mna haki. Mtoto akishika simu kutafuta habari za Kilwa, baada ya dakika tano yumo kwenye video za mpira, au mambo ambayo hata kuyataja hapa tunaona haya. Kifaa hiki tumekizima mtandao, hakipokei ujumbe wala hakimwiti mtoto kwa kengele. Anasoma kwamba Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, kisha anataka kujua Ibn Battuta alitokea wapi, anafungua makala ya Moroko. Tumewaona watoto ambao kitabu cha jiografia huwasinzisha wakisoma hivyo mpaka adhana ya Magharibi.

Hatari yake ni hii iliyomkuta kijana wetu. Makala iliyoko mtandaoni ikikosewa, huenda mtu akaisahihisha siku ileile. Nakala iliyotolewa hubaki na kosa lake, na mambo yaliyotokea baadaye haiyajui kabisa. Basi wanafunzi wetu, ninyi mnaosoma elimu ya hadithi mnajua kwamba hatupokei maneno kabla ya kuuliza yamepokewa kutoka kwa nani. Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuhakikisha habari. Kwenye kifaa hiki, kuhakikisha kunaanza na jina la faili: mwishoni pana mwaka na mwezi. Halafu tazama chini ya makala kama mwandishi ametaja alikoitoa habari yake. Makala nyingi za Kiswahili ni fupi na hazikutaja kitu. Hizo msizitegemee peke yake.

Na masuala ya dini? Wikipedia huandikwa na yeyote, Mwislamu na asiye Mwislamu, aliyesoma na asiyesoma. Humo mtapata historia ya Imam Shafi, mwaka aliozaliwa na miji aliyokaa, nasi hatuoni ubaya. Hukumu ya twahara au ya talaka msiichukue humo. Njooni mtuulize, nasi tukishindwa tutawapeleka kwa waliotuzidi.

Nakala mpya tumekwisha kuitia, na tarehe yake tumeibandika nyuma ya kifaa kwa karatasi. Kinatolewa ofisini baina ya Alasiri na Magharibi, na mzazi anayetaka kukiona kabla mwanawe hajakishika anakaribishwa saa hizo. Yule mzee tumemwalika mara mbili. Bado hajaja.

Wabillahi tawfiq.