Mkuku wa Boti Hauwezi Kutegemea Gundi Peke Yake

Kwa muda sasa tumekuwa tukisikia, kwanza kwa minong'ono na baadaye kwa malalamiko ya wazi, habari za boti ya alumini iliyoletwa kuwahudumia wakazi wa kisiwa kimoja kidogo kisichokuwa na gati. Kisiwa chenyewe hatukitaji, wala hatuitaji ofisi iliyoinunua boti hiyo, kwani nia yetu si kumvunjia mtu heshima yake bali ni kutaka jambo litengenezwe. Tulikwenda wenyewe kuitazama. Tuliikuta imepinduliwa juu ya magogo ya minazi, mkuku juu, na ule mkanda mweusi wa kinga uliobandikwa kwa gundi umebanduka kuanzia omo hadi karibu na katikati. Mahali ulipobanduka, chuma chenyewe kimekwanguliwa kikawa cheupe, na karibu na omo pana mkwaruzo ambao kidole kinaingia.

Maadamu boti imelala juu ya magogo, wagonjwa wanavushwa kwa mashua na ngalawa kama zamani. Sheha wa hapo alitueleza kuwa usiku mmoja wa bamvua, saa nne, maji yakiwa yamekupwa kabisa, mama mja mzito alichukuliwa juu ya kitanda cha kamba na vijana wanne waliokanyaga mwamba na chaza hadi kwenye maji ya kutosha kuelea chombo. Alifika hospitali salama na mtoto wake. Lakini huduma ya umma haiwezi kupimwa kwa bahati ya usiku mmoja.

Yafaa kwanza ieleweke kwa nini boti ya namna hii huwekewa mkanda chini. Katika pwani yetu bahari hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na siku za bamvua tofauti baina ya maji kujaa na maji kupwa hufika kiasi cha mita 4. Pasipo gati, chombo hakina njia ila kupanda mchangani, na kila kupanda ni kukwangua. Jiwe la matumbawe ni gumu kidogo kuliko alumini tupu. Mchanga wenye chembe za kwatzi ni mgumu zaidi sana. Kwa hiyo mkuku wa alumini husagika kidogo kidogo kama kisu juu ya kinoo, ila kisu hunolewa kwa faida na mkuku husagwa kwa hasara.

Hatusemi kwamba alumini ni bure. Uzito wake ni kama theluthi moja tu ya uzito wa chuma cha pua kwa ujazo ule ule. Boti nyepesi husukumwa na watu wachache na hula petroli kidogo. Haiozi kama mbao wala hailiwi na mchwa wa baharini. Walioichagua hawakukosa akili. Walichokosa, kwa maoni yetu, ni kuuliza chombo kitatua wapi.

Sasa tuje kwenye gundi, maana hapo ndipo maneno mengi yasiyo na msingi yanaposemwa. Wakubwa wa ofisi wanasema wanakisiwa wameiburura boti bila huruma. Wanakisiwa wanasema wameletewa kitu duni. Tulimwomba nahodha atueleze hatua kwa hatua jinsi mkanda ulivyobandikwa, naye alitueleza bila kuficha lolote. Boti iligeuzwa asubuhi. Ikafutwa kwa tambara lililolowekwa petroli. Mkanda ukabandikwa adhuhuri, jua likiwa utosini. Kesho yake alfajiri boti ikarudi majini kwa kuwa palikuwa na wageni wa kupelekwa. Kwa kweli katika kazi hiyo fupi yalipita makosa ambayo yangetosha kuibandua gundi bora kuliko zote duniani.

Alumini ikikutana na hewa hujivika papo hapo utando mwembamba sana. Utando huo ndio unaoilinda isiliwe na bahari, lakini chombo kilichokaa muda huwa pia na utando wa zamani uliochakaa, chumvi, mafuta ya injini, na pengine nta ya kiwandani. Gundi haishiki alumini; inashika kile kilicho juu ya alumini, na kile kikibanduka nayo hubanduka nacho. Ndiyo maana inatakiwa chombo kioshwe kwa sabuni na maji baridi yasiyo ya chumvi, kikauke, kisuguliwe kwa msasa laini, kisha kifutwe kwa spiriti na tambara safi ambalo halirudiwi. Petroli huacha mafuta. Anayefuta kwa petroli huondoa uchafu mmoja na kuweka mwingine.

Kadhalika joto. Gundi za akriliki zinazotumika katika mikanda hii hupendelea kubandikwa kwenye joto la wastani, baina ya digrii 21 na 38 hivi, ilhali alumini iliyoachwa juani adhuhuri haishikiki kwa mkono. Tena zinataka kukandamizwa kwa nguvu kila inchi, maana ni mgandamizo unaozifanya ziguse kila kishimo cha chuma. Na mkuku wa boti hii si uso ulionyooka: una mstari wa kuchomelea uliovimba, na ubavuni mwake vichwa vya ribiti. Mkanda uliokatwa kwa ajili ya uso laini ukipita juu ya vichwa hivyo huacha vijishimo vya hewa, na katika vijishimo hivyo maji huingia kwanza.

Lakini kosa kubwa lilikuwa la muda. Gundi za namna hii, katika joto la kawaida, hufikia kiasi cha nusu ya nguvu zake baada ya dakika 20, tisa ya kumi baada ya saa 24, na nguvu kamili baada ya saa 72. Hizo ni siku 3 kavu. Boti yetu ilipewa usiku mmoja, kwa ajili ya wageni!

Je, nahodha alaumiwe? Hata kidogo. Karatasi ya maelezo ilikuwamo ndani ya sanduku, tumeiona. Imeandikwa kwa Kiingereza kwa herufi ndogo mno, na hakuna aliyemfasiria. Ofisi iliyoweza kulipia boti nzima ilishindwa kumpa mtu kazi ya kuandika ukurasa mmoja wa Kiswahili. Jambo hili limetuudhi kuliko mkanda wenyewe.

Hivi sasa yanapendekezwa matengenezo ya namna namna, na mengine ni ya hatari kuliko ugonjwa. Kuna anayetaka mkanda ule ule urudishwe kwa gundi yoyote ya dukani. Akumbuke kwamba maji ya chumvi yakinaswa nyuma ya mkanda ulioshika nusu nusu, alumini hukosa hewa ya kurudishia utando wake, nayo hutobolewa vishimo vishimo pasipo kuonekana na mtu. Mwingine anashauri bamba la chuma lifungwe kwa bolti. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi hufanya kazi kama betri, na katika ndoa hiyo aliwaye ni alumini. Wa tatu anataka mkuku upakwe rangi ile ya kuzuia chaza yenye shaba. Huyo tunamwomba aache kabisa, kwani shaba na alumini ni maadui wakubwa zaidi.

Sisi tunaona kwamba kwa chombo kinachopanda mwamba kila siku, dawa ya kweli ni kipande cha alumini ya baharini, cha jamii moja na ile ya boti, kilichochomelewa chini ya mkuku ili chenyewe ndicho kisagike, na kikiisha kiondolewe na kuwekwa kingine. Wajenzi wa vyombo vya mbao hawaoni jambo hili kuwa geni; wao hupigilia ubao wa kinga chini ya mkuku, wakijua tangu siku ya kwanza kwamba ubao huo umewekwa ili uliwe. Mkanda wa gundi una mahali pake, kwa boti inayotua mchanga laini mara chache. Kuchomelea alumini kunataka gesi ya argoni, mashine inayofaa na fundi aliyefunzwa, maana si sawa na kuchomelea geti la nyumba. Vituo vya mafunzo ya amali vya Mkokotoni na Vitongoji vimo ndani ya visiwa vyetu. Vijana wachache wakifundishwa kazi hii, hatutalazimika kusafirisha boti hadi Dar es Salaam kila mkuku unaposagika.

Kwa maofisa wetu tunayo maombi matatu tu. Karatasi za zabuni zieleze pwani ambako chombo kitatua, siyo urefu wake na nguvu za injini peke yake. Muuzaji alazimishwe kuweka kinga ya mkuku kwa mikono ya watu wake na kutoa maelezo kwa Kiswahili. Na katika kila bajeti ya boti pawe na fungu la matengenezo. Wazee wetu walijua kwamba jahazi hutolewa majini, hukauka, hukalafatiwa na kupakwa deheni, na siku hizo haliendi popote. Nasi tukubali kwamba boti ya wagonjwa nayo huhitaji siku zake za kukauka, na siku hizo chombo kingine kishike zamu.

Ndugu zetu wa kisiwani nao tuwaambie. Tumesikia kwamba boti hiyo imebeba mifuko ya saruji, na siku moja masufuria ya harusi pamoja na waimbaji, kisha ikasukumwa pwani kwa injini badala ya kuzimwa na kuvutwa juu ya magogo. Magogo ya minazi hayana bei kubwa, na yako hapo hapo.

Tulipoondoka boti ilikuwa bado imepinduliwa, na kuku walikuwa wamejipatia kivuli chini yake. Ofisi inayohusika ikipenda kuwaambia wananchi ni siku gani itarudi majini, na kwa matengenezo ya namna gani, nafasi ya jibu lake ipo katika ukurasa huu, nasi tutalichapisha kama litakavyoletwa.