Mchwa katika Kabati la Misahafu

Wasomaji wetu, tulipofungua kabati la msikiti hapa Maganzo ili tutoe misahafu ya darsa, tulikuta nakala za chini zimegeuka udongo. Kabati lilikuwa limeegemezwa ukutani. Kosa ni letu sisi kamati. Kurasa zilizoharibika tulizifukia mahali safi pasipokanyagwa. Kilichotutia hofu zaidi ni hati ya kiwanja cha wakfu, iliyokuwa rafu ya pili. Imeliwa pembe moja tu, alhamdulillah.

Surat Saba yatueleza habari za mdudu wa ardhini aliyeila fimbo ya Nabii Sulaiman (a.s.), na majini wasijue kuwa amekwisha kufariki. Ndivyo alivyo mchwa: hufanya kazi kwa siri. Hupita ndani ya kijia cha udongo, kwa kuwa jua na ukavu humuua. Basi wazazi na watoto waizunguke nyumba, hasa msimu wa mvua. Kijia kibomolewe, fremu za milango zigongwe, na itakayotoa sauti ya utupu imekwisha kuliwa. Kuni zisiegemezwe ukutani, wala maji ya kuogea yasituame kando ya msingi. Anayejenga anyunyizie msingi dawa ya mchwa kabla ya kumwaga zege. Oili chafu isimwagwe ardhini, huharibu visima. Wako pia wanaochoma vichuguu, ilhali Mtume (s.a.w.) amekataza kuadhibu kwa moto, na isitoshe, malkia yu chini, moto haumfikii.

Kabati sasa limesimama juu ya matofali, shibiri moja kutoka ukutani. Hati anayo mweka hazina, katika sanduku la bati.